Siku moja maishani mwangu: Hilux ya mawese na klachi iliyorudi

Saa 1:10 asubuhi

Nafika gereji hapa Mwanga, Kigoma, nakuta Hilux imeshapaki mlangoni na mwenye nayo amekaa kwenye tairi kuukuu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mwanangu, hili gari limenichosha."

Mzee anabeba mawese kutoka vijiji vya upande wa Mwandiga. Jana jioni alikuwa na madumu 60, na dumu la lita 20 lina kama kilo 18, kwa hiyo mgongoni kulikuwa na zaidi ya tani moja. Kilima cha kutoka stesheni kuja huku Mwanga kikamshinda. Injini inalia kwa nguvu, gari linajivuta, harufu ya kuungua imejaa kebini. Kilichomuuma zaidi ni kwamba klachi pleti (sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) na presha pleti (inayoibana sahani hiyo) ni mpya. Zilifungwa miezi minne iliyopita, gereji nyingine, na risiti anayo.

Mtu akiniambia klachi mbovu, kwanza namuuliza: haikati, au haishiki? Isiyokata inakwaruza gia zikiingia, na mara nyingi shida iko kwenye masta (pampu inayosukuma oili ya klachi), upepo ulioingia kwenye oili hiyo, au oili iliyopungua. Isiyoshika ndiyo hii inayoteleza: gia zinaingia vizuri kabisa, lakini nguvu ya injini haifiki kwenye matairi. Kumtolea upepo mtu ambaye klachi yake inateleza ni kumlia hela yake bure, na naliona likifanyika kila mwezi.

Saa 2:00

Tunatoka na gari tupu, barabara ya Ujiji. Gia ya nne, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, halafu nakanyaga mafuta mpaka chini. Mlio unapanda, mshale wa spidi umekaa palepale. Baada ya muda ndipo gari linakumbuka kwenda.

Tukirudi naweka mawe mbele na nyuma ya matairi, navuta handibreki, naingiza gia ya tatu na kuachia klachi taratibu huku nimegusa mafuta kidogo. Klachi nzima inaizima injini hapohapo. Hii imeendelea kuvuma kama iko nyutro. Nikazima. Jaribio hili ni mara moja tu, maana ukilirudiarudia unaichoma pleti mwenyewe.

Saa 2:45

Dogo, msaidizi wangu, ameshaleta jeki na spana, anataka gia boksi ishuke. Namwambia asubiri. Klachi inaweza kuteleza pleti ikiwa nzima kabisa, kwa sababu tu kuna kitu kinaibonyeza muda wote kama mguu wa dereva uliosahaulika juu ya pedali.

Nakandamiza pedali kwa kidole. Inashuka wepesi kama milimita 10 kabla haijaanza kuwa nzito. Hapo pako sawa. Kama ingekuwa ngumu tangu juu, ningerekebisha fimbo ya masta na pengine kazi ingeishia hapo. Naenda chini, nalegeza nati ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, ile inayopokea presha ya oili kutoka masta ya juu. Mfumo ukiwa umekaba presha ndani, oili inaruka. Hapa yametoka matone mawili matatu, basi. Masta na mpira wake hawana kesi.

Nikiwa bado mgongoni chini ya gari, namulika tundu dogo lililo chini ya kava la klachi, pale injini inapokutana na gia boksi. Kuna tone limening'inia. Nalipokea kwa kidole, nalisugua, nalinusa. Oili ya gia haijifichi, ina harufu kali ya kiberiti. Hii ni nyeusi tii, laini, inanuka dizeli. Ni ya injini.

Nikamwita mzee ainame aone mwenyewe. Mteja akiliona tone kwa macho yake, maneno yanapungua.

Saa 3:30 hadi saa 6

Propela shafti, ile inayopeleka nguvu matairi ya nyuma, imetoka, na mkia wa gia boksi nimeufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili oili isimwagike. Stata, nyaya, masta ya chini imewekwa pembeni bila kufungua mpira wake. Gia boksi ikashuka, mimi na dogo na jeki. Vumbi la ndani tumeliosha kwa maji ya sabuni. Upepo wa kompresa hauguswi: pleti nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na mapafu hayauzwi dukani.

Pleti ilipotoka nikaipima. Ribiti, vile vipini vinavyoshikilia nyama ya pleti, zimezama zaidi ya milimita moja, wakati kipimo cha chini kabisa cha Toyota ni milimita 0.3. Kwa unene, hii pleti bado ilikuwa na maisha. Lakini uso wake umeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na ukiugusa kidole kinateleza. Flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti inashikana nalo, ina mabaka ya bluu ya joto, bahati nzuri haina nyufa. Nyuma yake, sili ya krenki (mpira unaozuia oili ya injini isivuje hadi kwenye pleti) mdomo umekauka ukawa mgumu kama pembe.

Maana yake aliyefunga pleti mpya aliiona hii oili. Haiwezekani hakuiona. Akafunga juu yake. Limeniuma, kwa sababu mzee alilipa hela halali, na bei ya sili haikaribii hata kidogo bei ya pleti.

"Fundi, si tuioshe kwa petroli tuirudishe? Mfuko umekauka."

"Mzee wangu, oili imeshaingia ndani ya pleti. Ukiiosha inakauka juu, ikipata moto mlimani inatoka tena. Utanirudia kabla ya mwezi kuisha."

Akakaa kimya kitambo, kisha akapiga simu nyumbani. Presha pleti springi zake zilikuwa sawa, nikaisafisha; hapo tukamwokolea kitu.

Saa 7:15

Wali na mgebuka. Dogo kaenda kufuata sili na pleti.

Saa 8:30

Sili mpya kuifunga tu hakutoshi. Nikajiuliza ya zamani ilisukumwa na nini. Nikavua bomba la kupumulia la injini: limeziba tope jeusi, kijiti hakipiti. Injini ikikosa pa kupumua, presha ya ndani inatafuta njia, na sili iliyochoka ndiyo njia. Bomba likaoshwa mpaka likaona mwanga upande wa pili. Kwenye krenki kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa sili ya zamani, basi mpya nikaikalisha milimita mbili nje zaidi, ipate chuma kisichoguswa.

Flaiwili nikaipiga msasa kuondoa mng'ao. Pleti, upande wa springi ukitazama gia boksi, nikaisenta kwa shafti kuukuu ya gia boksi ninayoitunza kwa kazi hiyo. Bolti zikakazwa kwa kukatiza, kidogo kidogo.

Saa 11:40 jioni

Pleti mpya inahitaji kuzoeana na flaiwili, kwa hiyo nimemwambia mzee siku za mwanzo asijaze. Tumepakia madumu 20 tu. Tukashuka mpaka stesheni, tukageuza. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Gia ya tatu, kilima chote, mlio na mwendo vikapanda pamoja.

Mzee hakusema kitu njiani. Tulipofika gereji alizima injini, akashuka, akalala chali chini ya gari na shati lake safi, akapapasa lile tundu. Akatoka akanionyesha kiganja. Kikavu.