Nilivyowatuliza madume wa kizimba kimoja

Kila nilipouliza kwa nini panya wangu madume wanang'atana mikia na viuno mara tu wakishabadilishiwa kizimba, jibu lilikuwa lile lile: "Sugua vizuri, harufu ndiyo inayowachokoza." Nikasugua. Sabuni, maji ya moto, maranda mapya, hakuna chembe ya zamani. Usiku ule walipigana kuliko siku zote. Mshauri mwingine akaja na la kinyume: chota maranda yenye mkojo, changanya na mapya, watajiona wako kwao. Hapo ndipo damu ilipotoka hasa.

Lililoniudhi zaidi ni hili: "Hao ni ndugu wa ukoo mmoja, jeni zile zile, mkojo wao utatofautiana vipi?" Nusu yake kweli. Wangu ni C57BL/6, ukoo wa panya wa maabara uliozalishwa ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi. Protini kuu za mkojo, ambazo jeni zake zimejipanga pamoja kwenye kromosomu ya 4, zinafanana kwa madume wote wa ukoo huo. Panya wa porini ndio wenye mchanganyiko wa kila mmoja na wake. Lakini jeni zinaamua aina tu. Kiasi kinapandishwa na kushushwa na testosteroni (homoni ya kiume) na lishe. Bakteria wa tumboni nao wanatia mkono wao, maana ndio wanaogeuza kolini ya chakula kuwa trimethilamini, kemikali yenye harufu inayotoka na mkojo. Na mahali pa kukojoa panategemea nani kampiga nani.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua ndugu wawili waliokwisha kupigana, nikawatenga kwa wavu katikati, chini nikatandika karatasi ya chujio. Asubuhi nikafunga mapazia na kuwasha taa ya urujuanimno (ya bei rahisi tu, inafaa). Wacha nifurahi! Upande wa mbabe, vidoa vidogo vidogo vya mkojo vinang'aa karatasi nzima kama mtama uliomwagika, vingi zaidi karibu na wavu. Upande wa mnyonge, madimbwi machache makubwa pembeni, basi. Jeni zile zile! Nikamwita mshauri wangu. Akasema labda karatasi ililowa maji ya chupa. Mtafiti Desjardins na wenzake walishayaonyesha haya mwaka 1973, kwa hiyo mzozo wake si na mimi.

Kumbe maranda yale ya zamani yalikuwa yamejaa matangazo ya ubabe. Utafiti wa 2007 ulionyesha protini zile za mkojo zinaweza kumchochea dume ashambulie. Sasa natupa maranda yote na kuhamisha kiota peke yake, zile karatasi laini walizochanachana na kulalia, mradi ni kikavu. Kikilowa mkojo, nachambua kile kipande cha katikati tu.

Na dume ukishamtenga na wenzake, usimrudishe, hata kama ni ndugu. Ugomvi umepungua sana. Wale wawili wa kwenye karatasi bado hawapatani, kila mmoja ana kizimba chake.