Mishono Minne

Papa, baba yangu, hakuwa mtu wa kuikagua kamba kwa macho. Alifumba macho akaipapasa shubiri kwa shubiri, kati ya kidole gumba na cha shahada. Siku ile alikuwa na kamba ya kupandishia tanga la chombo chetu. Alipofika kwenye kile kipande kinachokaa juu ya kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba kule kileleni mwa mlingoti, akasimama.

"Weka mkono hapa."

Nikaweka. Ganda la nje lilikuwa limeota manyoya. Nilipoikunja, nilisikia chembechembe zikisagana ndani yake, kama mchanga katika sombe, majani ya muhogo, isiyooshwa vizuri.

Ilikuwa kiangazi cha 2010, Goma, pwani ya Kituku. Chombo chetu kilikuwa cha mita 6. Papa alikinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ziwani Kivu vyombo vya tanga ni vichache mno. Watu wana mitumbwi ya injini, na wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakaenda nayo usiku wakiimba. Chetu kilikuwa peke yake, na papa alikipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa kwanza.

Kamba ya kupandishia tanga ina hila moja ambayo sitaisahau. Tanga likishapanda, kamba inasimama palepale kila siku, kwa hiyo ni kipande kilekile kinachopindwa kwenye kapi na kubeba uzito wote. Na kipande hicho kiko juu, mita 8 kutoka mkononi mwako. Huku chini unashika kamba nzima, laini, unalala usingizi. Na Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Vumbi lake jeusi huingia hadi moyoni mwa kamba, na kila ukiivuta linakata nyuzi kutoka ndani. Lililobaki linamalizwa na jua.

Tulitafuta kamba kwenye maduka ya Birere, tukapata nailoni nene ya milimita 12. Haikuingia kwenye mfereji wa kapi, na hata ingeingia papa asingeikubali. Nailoni hunyooka. Kwa nanga ni nzuri sana, maana inapokea mshtuko wa wimbi, lakini ukiipandishia tanga, nusu saa baadaye tanga limelegea kama shavu la mzee. Akaifunga kwenye nanga, kisha akamwagiza rafiki yake, dereva wa lori la Mombasa, amletee kamba ya poliesta ya milimita 8, mita 20. Tulingoja wiki tano. Dereva alirudi na kamba nyeupe yenye uzi wa buluu, na neno jipya: muuzaji alimwuliza kama anataka kamba ya jarari, yaani ya kupandishia tanga. Hapo nyumbani hatukuwa na jina lake. Kuanzia jioni hiyo papa hakuiita kitu kingine.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Mlingoti wetu ulikuwa wa aluminiamu, wenye uwazi ndani. Jarari inapanda kwa nje, inapita kwenye kapi, inashuka ndani kwa ndani na kutokea tundu la chini. Ile kuukuu ndiyo inayoivuta mpya. Unaweka ncha kwa ncha, unashona, unaviringisha skochi juu yake. Hufungi fundo, maana fundo halipiti kwenye kapi.

Papa alinipa sindano ya magunia na uzi wa nyavu. "Mishono minane," alisema, akaenda kusalimia wavuvi. Uzi ulikuwa mgumu, kidole kiliniuma, upepo wa kusini ulikuwa umeanza na mimi nilitaka tupandishe tanga siku hiyohiyo. Nikashona minne. Nikafunika kwa skochi nyingi, ikapendeza.

Papa alikuwa anailisha kamba mpya, mimi navuta kule chini. Kiungo kilipofika kwenye kapi kikakwama. "Ngoja, usivute," alisema. Nikavuta. Mkononi nikabaki na kamba isiyo na uzito. Jarari mpya ilituangukia mabegani, na ile kuukuu ikaporomoka ndani ya mlingoti kwa mlio kama mvua ya mawe juu ya bati.

Papa aliokota ncha, akabandua skochi taratibu, akahesabu.

"Minne."

Hakusema zaidi. Tulipanda kwenda nyumbani, na njia nzima nilitamani anigombeze.

Asubuhi, wavuvi wanne walitusaidia kuulaza mlingoti juu ya mapipa, kilele kikiwa juu kidogo. Papa alifunga chubwi kwenye uzi wa ndoana, akaipitisha kwenye kapi na kuiachia ndani. "Weka sikio, unieleze iko wapi." Nililala juu ya ile chuma baridi na kuisikiliza ikiteleza, tik, tik, kisha kimya. Papa akapiga kiganja mara mbili, ikaendelea. Ilipofika usawa wa tundu niliinasa kwa waya uliopindwa, mikono ikitetemeka. Uzi ukavuta kamba nyembamba ya katani, katani ikangoja jarari.

Nikaomba sindano. Nilishona minane, nikaongeza miwili. Papa alikuwa amekaa pembeni akichoma ncha nyingine kwa kiberiti isifumuke. Nilimpelekea kiungo akione kabla ya skochi. Hakukitazama.

"Funika, tuvute," alisema.

Jarari ile tuliiachia ziada ya mita moja na nusu. Kila kiangazi papa alikata shubiri moja upande wa tanga, ili kapi ikalie mahali papya. Vipande hivyo mama alivifungia magunia ya makaa. Mwaka wa tano papa alinipa kisu.