Kutoka Kisangani hadi Mbandaka na Kitabu cha Conrad

Mashua ya mbao iliyotutoa Kisangani ilisheheni mchele, mafuta ya mawese, mbuzi, magodoro na watu. Nilipata nafasi juu ya magunia, nikafungua Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad. Nilikuwa nimekiweka makusudi nikisomee kwenye Mto Kongo, kwa sababu Conrad mwenyewe alifika Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanley Falls, Septemba 1890, akiwa baharia katika meli ndogo ya mvuke iitwayo Roi des Belges. Riwaya ilianza kuchapishwa jaridani mwaka 1899.

Mto wenyewe Conrad anaujua, tena vizuri sana. Mbele ya mashua yetu vijana wawili walipima kina kwa upondo, wakipaza sauti kumwambia nahodha aende kulia, kushoto, au apunguze mwendo. Katika kurasa nilizokuwa nikisoma, kazi ilikuwa ileile: mtu wa upondo, msukani, mafungu ya mchanga, magogo yaliyojificha majini. Kwa baharia wetu yeyote, sehemu hizo hazihitaji maelezo.

Lakini mto wake hauna watu. Kuna msitu, ukimya, na mayowe yanayotoka kwenye miti. Mimi sikuweza kumaliza sura bila kukatizwa. Mitumbwi ilitokea vijijini ikipigwa makasia kwa nguvu, ikajishikiza ubavuni mwa mashua nasi tukiwa bado mwendoni, na soko likaanza hapohapo: samaki wa moshi, viwavi, ndizi, na chikwangi, yaani mkate wa muhogo. Waliouza walirudi kwao na chumvi, sabuni na betri. Karibu na Isangi, mto Lomami unapoingia, kelele za bei zilizidi mlio wa injini.

Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akipeleka mchele Kinshasa, aliniuliza, "Mutoto yangu, kitabu hii inasema nini?" Nikamsimulia: Mzungu anapanda mto kumfuata Mzungu mwenzake, Kurtz, anayekusanya pembe za ndovu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na batu ya huku banasema nini ndani?" Nikamwambia ukweli. Mmoja anaomba apewe adui zake awale, mwingine anatangaza kwamba Kurtz amekufa. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Mama akatikisa kichwa, akarudi kwenye magunia yake.

Swali lake lilinikaa. Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alilitolea hoja mwaka 1975, katika mhadhara wake Marekani, akisema Conrad amewanyima Waafrika sauti na utu, na nilipomsoma nyumbani nilimkubali. Mtoni nilimkubali zaidi. Conrad alipofika, Stanley Falls haikuwa kibanda cha Mzungu mmoja aliyezungukwa na vichwa juu ya miti, kama kituo cha Kurtz kitabuni. Mwaka 1887 aliyefanywa liwali wake alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip wa Zanzibar, kwa mapatano na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kiswahili kilikuwa kikisemwa pale. Conrad ameufuta mji huo wote.

Na sisi watu wa pwani tusome hapo kwa uangalifu. Lugha niliyoamkiana nayo na yule mama ilifika Kisangani pamoja na misafara ya pembe, bunduki na watumwa. Siwezi kumlaumu Conrad kwa alichokifuta, kisha nami nikakifuta hicho.

Hata hivyo kitabu sikitupi. Kurasa za mwanzo, zenye wafungwa waliofungwa minyororo shingoni na vibarua wanaojifia kivulini, zimeandikwa na mtu aliyekuwa huko mwenyewe, tena kabla Ulaya haijataka kusikia. Huko Matadi, 1890, alikutana na Roger Casement. Mwaka 1903 Casement, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto huuhuu kuchunguza utawala wa Leopold, na ripoti yake ikatoka mwaka uliofuata.

Niliianza ripoti hiyo kwenye simu baada ya kushuka Mbandaka. Inahusu hasa sehemu hizi. Humo watu wa huku wanasimulia wenyewe jinsi walivyotozwa kodi ya mpira, jinsi ndugu zao walivyouawa na mikono kukatwa, na jinsi walivyohama vijiji vyao. Ningependa kumsomea yule mama maneno yao, lakini mashua ilikuwa imekwisha kuondoka kwenda Kinshasa.