Mwaka wa wasichana wetu kwa kusi na kaskazi

Nalea kikundi cha Girl Guides, yaani skauti wa kike, hapa Tanga, wasichana wa darasa la nne hadi la saba. Nilipokabidhiwa, mawazo ya shughuli niliyoyakuta kwenye intaneti yalikuwa ya nchi zenye majani yanayopukutika Oktoba na theluji Desemba. Ni mazuri huko kwao. Kwetu Desemba ni embe na jua kali, na mtoto hawezi kusherehekea baridi asiyoijua. Basi nikaamua mwaka wetu uende na majira yetu wenyewe: masika, kusi, vuli na kaskazi.

Masika, Machi hadi Mei, uwanja unajaa maji na wazazi hawapendi watoto wachelewe kurudi. Hapo tunakaa barazani kusuka ukili. Nilimwendea bibi mmoja jirani wa shule, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, hao watoto wa siku hizi watakaa kitako?" Walikaa. Sharti lake lilikuwa kila mmoja achane ukindu wake mwenyewe kabla ya kushika kusuka. Nakushauri uanze na mapepeo ya kupepea moto, si mikeka. Pepeo linaisha upesi, na mtoto analibeba kwenda kumwonyesha mama yake.

Mvua zikikatika, kusi linakaza. Juni na Julai ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu ya tiara. Wasichana wetu wengi walikuwa hawajawahi kushika uzi wa tiara maishani, wao ni kutazama tu kaka zao wakirusha. Mzazi mmoja alinifuata: "Mwalimu, huo si mchezo wa wavulana?" Nikamwomba aje aone.

Vifaa havina gharama. Chelewa mbili za mnazi, moja imenyooka na nyingine imepindwa kama upinde, karatasi nyepesi, uzi wa kushonea, gundi ya unga wa muhogo uliopikwa ukawa mzito, na vipande vya khanga kuukuu vya mkia. Kazi kubwa iko kwenye mkia. Tiara ikizungukazunguka na kupiga kichwa chini, mkia ni mwepesi, ongeza kipande. Ikikataa kupanda, umezidi, punguza. Sikuwaambia hayo, niliwaacha wajaribu. Kuna binti mpole sana, hasemi darasani, aliyekaa mchangani akafunga kipande, akafungua, akafunga tena, mpaka tiara yake ikatulia juu kabisa. Siku hiyo wenzake ndio walimfuata kumuuliza. Yule mzazi alikuwepo, akaomba naye ashike uzi. Angalizo ni moja tu: rusheni ufukweni au uwanja wa wazi, mbali na nyaya za umeme.

Vuli inatupatia 11 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, inayoadhimishwa tangu 2012. Badala ya hotuba ndefu, tunapanda mchicha na bamia kwenye magunia, na mvua inatusaidia kumwagilia. Pia tunaokota vifuu na makopo yanayotuamisha maji, maana mbu hawachelewi.

Kaskazi na joto lake vinakuja na Siku ya Fikara, 22 Februari, siku ya kuzaliwa ya Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti, na mkewe Olave. Girl Guides wa dunia nzima huikumbuka, na tangu 1932 kuna desturi ya kutoa sarafu kwa ajili ya wenzao wa nchi nyingine. Sisi huuza barafu za ukwaju na ubuyu jioni jua likipoa, na pesa ndiyo mchango wetu.

Mwaka 2026 siku hiyo iliangukia ndani ya Ramadhani. Kuuza barafu mchana haikufaa, na sikutaka waliofunga wajione wamesukumwa pembeni kwenye siku yao. Tukafanya kikoa cha futari. Kila mmoja alileta alichojaliwa: huyu muhogo, huyu nazi, huyu tambi, huyu sukari. Wazazi waliarifiwa mapema kwa barua, na wakaja kuwachukua watoto baada ya kula. Wasichana Wakristo ndio waliosimamia kuonja chumvi, kwa kuwa wenzao wamefunga, na walilichukulia jukumu hilo kwa uzito mkubwa. Adhana ilipolia, tende zilizunguka kwanza, kisha uji, kisha muhogo wa nazi. Kikapu cha mchango kiliwekwa mlangoni, na wazazi walitia zaidi ya tulivyozoea kupata kwenye barafu.

Ramadhani hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo 22 Februari 2027 nayo itatukuta katika mfungo. Wasichana wameshagawana kazi, na kaimati safari hii zitapikwa na darasa la tano.