Kupanda miamba Malindi, mji usio na mlima

Nilipohamishiwa Malindi kikazi, wenzangu wa Nairobi walinishauri niviuze viatu vyangu vya kupandia. Huko tulikuwa tukienda Lukenya, au Fischer's Tower kule Hell's Gate, mahali ambapo ukishika jiwe linakaa. Malindi ni tambarare. Kuna minazi, mchanga, na jiwe la matumbawe ambalo fundi hulitazama akaona ukuta wa nyumba.

Nilianzia Marafa, kwenye korongo ambalo wenyeji huliita Nyari. Nguzo zake nyekundu na nyeupe zinamtia mpandaji tamaa, lakini ukizigusa tu kiganja kinajaa mchanga. Mvua ndiyo iliyozichonga na haijamaliza kazi. Isitoshe, wenyeji ndio wanaopatunza na kutoza kiingilio, sasa nizibomoe kwa ajili ya starehe yangu? Nikashuka na mwongozaji kwa njia ya miguu, nikasikiliza kisa cha matajiri waliokuwa wakioga maziwa, nikarudi mjini.

Kilichonitia moyo ni habari za wenzetu wa mbali. Miaka ya 1980, Mwingereza Mick Fowler alipanda majabali ya chokaa ya Dover kwa mashoka ya barafu, maana vidole havikutosha. Kule Saxony, Ujerumani, jiwe ni la mchanga, na wapandaji hujikinga kwa kamba zilizopigwa fundo, wanazozikwamisha kwenye nyufa badala ya vyuma. Likilowa hawalipandi kabisa, kwa kuwa maji hulilegeza. Basi nikaacha kutafuta jiwe zuri, nikaanza kuuliza jiwe letu linataka nini.

Nguzo ya Vasco da Gama sikuigusa, wala rasi inayoibeba, ambayo bahari inaila. Hifadhi ya bahari nayo niliiacha. Nikatafuta kipande cha mwamba kisicho na mambo, kifupi tu, urefu wa watu wawili watatu waliopandiana mabegani. Ni matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mawimbi yameyala chini, kwa hiyo mwamba umetokeza mbele kama baraza: chini kuna mwani unaoteleza, katikati matundu ya kila aina, na juu miiba ya mawe inayochana hata suruali ya jinzi.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja mvuvi wa pweza. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza nimepoteza nini mwambani.

"Napanda tu, mzee."

"Juu si kuna njia, mwanangu?"

Alicheka, ila akanipa ratiba. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hukauka kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo mguu wa mwamba unapobaki wazi. Yakianza kujaa, toka, kwa sababu tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu na mawimbi hayatakusubiri umalize. Siku za maji mafu, bahari inapopwa kidogo tu, sijisumbui kwenda.

Kwa hiyo siendi juu sana, naambaa. Naanzia upande mmoja wa ghuba ndogo, naufuata mwamba hadi upande wa pili bila kukanyaga mchanga. Kila tundu nalibisha kwa ngumi kabla ya kuliamini. Likitoa sauti ya debe tupu, naliruka. Lililo zima nalivuta kuelekea chini, kamwe si kuelekea kwangu, kwani hata tumbawe bovu huvumilia kukandamizwa kuliko kung'olewa. Uzito wote miguuni. Viatu vya Lukenya viliisha soli upesi mno, sasa navaa vya plastiki vya sokoni na glavu za mjenzi nilizozikata vidole. Ule unga mweupe wa kukausha jasho usiubebe, hewa ya chumvi inaugeuza uji. Beba maji baridi na sabuni, maana kidonda cha matumbawe kisipooshwa siku hiyohiyo hutunga usaha.

Wengine huniuliza kwa nini nisipigilie vyuma nikafunga kamba. Railay, Thailand, kwenye majabali ya chokaa kando ya bahari, hata chuma kisichoshika kutu kilipasuka kwa chumvi, ikabidi watu wahamie titani. Mimi titani nitaitoa wapi? Bora nibaki chini, ambapo nikianguka naanguka mchangani.

Kipo kipande kimoja karibu na mwisho wa ghuba ambacho bado kimenishinda. Dari linatokea mbele, matundu yanakwisha, na tundu la mwisho linalia debe. Mpwa wa yule mzee, mgema, alilitazama akasema angepita kwa kukumbatia, magoti na mapaja, vile anavyoupanda mnazi. Tumekubaliana ajaribu yeye kwanza bamvua lijalo, mimi nikiwa chini yake na godoro.