Ile siku tulienda kuangalia wanyama, mi nikaishia kuangalia mabanda

Wazo lilikuwa la dada yangu. Mtoto wake alikuwa likizo na ameshachoka kukaa ndani, basi dada akasema Jumamosi tunampeleka bustani ya wanyama pale mjini na mimi mjomba lazima niwepo, maana yeye magoti yanamsumbua na mtoto akianza kukimbia hamkamati. Nikakubali haraka. Kipindi hicho nilikuwa nasoma sana habari za mabanda ya wanyama, yanajengwaje na kwa nini mengine yanamvuruga mnyama kichwa, nilianza na makala moja tu ya dubu nikajikuta siachi, kwa hiyo wenzangu walikuwa wanaenda kuona simba na mimi nilikuwa naenda kuona sakafu.

Simba wenyewe wako getini tu ukiingia. Lile eneo lao lilikuwa jipya kabisa, kioo kimeanzia chini kimepita kichwa cha mtu mzima, miamba ya saruji imepakwa rangi vizuri hadi unataka kuigusa, na ukuta wa nyuma wamechora mbuga nzima, migunga kwa mbali, jua linazama, ndege wanapita. Watu wamejazana pale simu juu. Dada akasema "unaona sasa, hawa wanaishi kama wako hotelini." Na kweli palipendeza, siwezi kukataa. Ila ukisimama kidogo unajiuliza ule mchoro kachorewa nani, maana simba wote walikuwa wameupa mgongo wamejibana kwenye kona moja, kwenye kivuli kidogo kilichotokana na paa letu sisi watazamaji, yaani paa limejengwa ili sisi tusiungue jua na wao wanaokoteza kinachobaki. Mti ulikuwepo mmoja, mchanga, na umezungushiwa nyaya za umeme ili wasiukwaruze, sasa simba asipokwaruza gome la mti akwaruze nini. Jike mmoja alipanda kwenye ile miamba, akasimama, akanyanyua mguu wa mbele, akaushusha akanyanyua mwingine, halafu akateremka akarudi konani. Jua la saa sita na saruji, we fikiria mwenyewe.

Hii staili ya miamba bandia bila nondo za kumzuia mnyama mbele si ngeni. Aliyeipa jina ni Carl Hagenbeck, Mjerumani aliyekuwa mfanyabiashara wa wanyama, alifungua bustani yake pale Stellingen karibu na Hamburg mwaka 1907 akaondoa vyuma mbele ya wanyama akaweka mahandaki ambayo mtazamaji hayaoni, ukisimama unaona swala mbele na simba nyuma yake kama vile wako pamoja. Watu walishangaa sana na walikuwa na haki ya kushangaa. Lakini kuondoa nondo hakumwongezei mnyama hatua hata moja, tena lile handaki lenyewe linakula nafasi, ni sehemu ambayo simba haikanyagi. Kilichoondoka ni ile aibu anayoipata mtu akimwangalia mnyama akiwa nyuma ya vyuma. Nilijaribu kumweleza dada hayo, akaniambia nipunguze kuongea nimpige picha.

Tukaenda kwa dubu. Hapo ndipo siku ilibadilika kidogo.

Alikuwa dubu wa kahawia, mkubwa, peke yake, eneo lake si dogo kwa kuliangalia, lina bwawa na magogo mawili matatu na nyasi. Ila kando ya ukuta kulikuwa na njia. Hakuna mtu aliyeichimba, ni miguu yake tu, nyasi zimekufa na udongo umesuguliwa hadi unang'aa, upana wake ni upana wa dubu mwenyewe. Anatoka mlangoni anakwenda hadi kwenye pembe, pale kwenye pembe kuna ufa ukutani, akiufikia anarusha kichwa kulia, anageuka kwa mguu ule ule, anarudi. Anakwenda tena, ufa, kichwa, mguu. Mtoto akasimama kwenye reli akamwangalia muda mrefu kuliko alivyowaangalia simba, halafu akauliza, "Mjomba, anahesabu?"

Jamaa mmoja pembeni yetu akamjibu kwa niaba yangu, "Anafanya mazoezi huyo, anakata kitambi," na watu wakacheka. Mi sikucheka na wala sikumbishia maana siyo mahali pake. Lakini hiyo siyo mazoezi. Dubu porini saa zake nyingi anazotembea ni za kutafuta chakula, ananusa, anafukua, anapindua mawe, anapanda, na huku ndani chakula kinakuja kwenye sinia kwa saa maalumu anakimaliza upesi, ile hamu ya kutafuta inabaki mwilini haina kazi, ndo inageuka kuwa mzunguko. Kuna utafiti wa Clubb na Mason uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2003, walilinganisha wanyama walao nyama wa aina nyingi wakakuta wale ambao porini wana maeneo mapana zaidi ndo wanaozunguka hivi zaidi wakifungiwa, na watoto wao ndo wanaokufa zaidi. Dubu mweupe wa barafuni ndo mfano walioutoa, eneo analopewa kwa kawaida bustanini ni kama sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analotumia porini. Milioni! Hilo hata ukiongeza bwawa halizibiki.

Nikamsimulia mtoto habari za Gus, dubu mweupe wa Central Park pale New York. Miaka ya 1990 alianza kuogelea duara lile lile masaa na masaa hadi akawa gumzo la jiji, wakaleta mtaalamu wa tabia za wanyama, wakaanza kumfichia chakula, kukigandisha kwenye barafu, kumpa vitu vya kuchezea, na ile tabia ikapungua. Alikufa 2013. Mtoto akauliza kwani haikuisha kabisa? Nikamwambia tabia hizi zikishakaa zinakuwa kovu, unaweza kumboreshea mnyama kila kitu na bado akaendelea kidogo, ndo maana ukimwona mnyama anazunguka usikimbilie kusema hawa waliopo wanamtesa, inawezekana kaja nayo kutoka kwingine. Hilo la mwisho nililisema kwa haki tu, rohoni nilikuwa na hasira na lile sinia.

Kwa chui ndo tulikaa zaidi, na cha ajabu hatukumwona chui.

Banda lake lilikuwa mwisho wa njia, wavu mrefu umefunikwa na juu pia, ndani kichaka haswa, mianzi, mti mkubwa umeangushwa umeegeshwa, majukwaa ya mbao juu karibu na paa. Watu wanafika, wanachungulia, wanapiga mluzi, wanagonga nguzo, wanalaani, wanaondoka. "Hamna kitu humu." Dada akakaa kwenye benchi akavua viatu. Mi nikawa nakagua: majukwaa yako juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo akipanda yeye ndo anatuangalia sisi kwa chini, na upande wa nyuma hakuna njia ya watazamaji, kwa hiyo hazingirwi. Kwa paka wa aina ile hayo ni mambo makubwa. Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi aliyewahi kuongoza bustani za Bern, Basel na Zurich, aliandika sana kuhusu ule umbali ambao kila mnyama anauhitaji kati yake na kinachomtisha, ukiuvuka anakimbia, na asipokuwa na pa kukimbilia ndo balaa linaanza. Sasa mnyama aliyezungukwa na watu pande zote na hana kichaka, siku nzima yuko ndani ya huo umbali.

Akaja mama mmoja mtunza wanyama, gambuti miguuni, anasukuma toroli limejaa matawi. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba mwanangu, umemwona?"

"Hapana. Amekufa?"

Yule mama akacheka hadi akaweka toroli chini. "Yupo. Anakuona wewe."

Basi tukaanza kuongea, na ukimkuta mtu anayeipenda kazi yake huhitaji kumuuliza mara mbili. Alisema mlango wa chumba cha ndani hawaufungi mchana, chui akitaka kuingia anaingia, akitaka kutoka anatoka, na walipoanza kumwachia hivyo ndo akaanza kutoka zaidi, sio kidogo, zaidi. Zamani walikuwa wanamfungia nje ili watu wamwone, akawa anakaa nyuma ya mlango analia. Nyama hawamwekei sehemu moja, leo iko juu ya mti, kesho ndani ya gogo, na saa zinabadilishwa. Akatuonyesha mdomo wa gogo moja karibu na wavu, umechanwa na kucha mistari mirefu mipya, utomvu bado unatoka, akasema hapo jana walipaka kinyesi cha swala, chui alijisugua hapo hadi jioni. Mtoto akaziba pua kabla hata ya kunusa.

"Na wakubwa hawalalamiki kwamba haonekani?" nikamuuliza.

"Kaka, kila siku. Wanataka nikate mianzi. Mi nawaambia nikiikata mtamwona wiki moja, baada ya hapo mtaanza kumwona anazunguka."

Nikamuuliza habari ya dubu. Uso ukabadilika. Akasema yule ni mzee, alikuja kutoka kwenye maonyesho ya kutembeza wanyama, njia yake alikuja nayo, hapa wamejaribu kumwagia mbegu kwenye nyasi na kumfichia samaki, asubuhi anatafuta vizuri, mchana anarudi ukutani. Akifa hawataleta dubu mwingine, wameshakubaliana, pale watawekwa fisi maji, ambao lile eneo na lile bwawa linawatosha. Huo uamuzi mi nauheshimu kuliko kioo chote cha simba. Hata tembo pale hawapo tena, nyumba yao imegeuzwa stoo, na siyo bustani hii tu iliyofanya hivyo, mwaka 2005 bustani ya Detroit kule Marekani iliwatoa tembo wake, Winky na Wanda, ikawapeleka kwenye hifadhi California, ilikiri kwamba baridi na nafasi ya pale haviwafai, tembo anayesimama siku nzima juu ya sakafu ngumu miguu na viungo vinamharibikia. Kusema hatuwezi kumtunza huyu kunahitaji ujasiri, maana tembo ndo anayeleta watu.

Kabla ya kutoka tulipita kwa nyani wadogo wale wenye mikia mirefu, banda la kizamani, wavu mtupu, baya kwa kweli, limejaa kamba na mipira ya zima moto iliyosukwa ikawa bembea. Na ndo lilikuwa na maisha kuliko yote. Walikuwa juu, chini, kwenye wavu, wananing'inia kichwa chini wanachokonoa mbegu kwenye kipande cha mbao chenye matundu. Ule wavu ambao sisi tunauona gereza kwao ni ukuta wa kupanda, kila sentimita wanaitumia, ukiwawekea kisiwa kizuri chenye maji pembeni unawanyang'anya nusu ya nafasi.

Hapo dada akaanza. Akasema mimi napenda vitu vibaya, kila kizuri nakitia kasoro. Nikamtajia lile bwawa la pengwini la bustani ya wanyama ya London alilolisanifu Lubetkin mwaka 1934, njia mbili nyeupe za mteremko zinazojizungusha hewani, wasanifu wanalipenda hadi leo na jengo linalindwa kisheria, lakini pengwini walihamishwa mwaka 2004, miguu yao ilikuwa inaugua na sakafu ya zege ikatajwa kuwa sababu. Walipelekwa kwenye bwawa la kawaida lisilo na umaarufu wowote. "Kwa hiyo?" dada akasema. "Kwa hiyo wanalipenda wasanifu," nikamwambia. Akasema yeye siyo msanifu, yeye ni mtu aliyelipa kiingilio amwone chui na kaonyeshwa majani.

Na kwa kweli hana kosa lote, bustani isipopata watu haina hela ya kumlisha huyo chui. Wangeweza kuweka tundu dogo la kuchungulia lenye giza upande wa watu, au bango linaloeleza kwa nini kuna kichaka na uangalie wapi, kuliko kumwacha mtu agonge nguzo. Kwenye simba waliweka mabango makubwa ya kung'aa yanayosema uzito wa simba na mbio zake, hakuna hata mstari mmoja unaosema kwa nini amelala kwenye kivuli chako.

Mlango wa kutokea walikuwa wanagawa karatasi za maoni. Maswali yake: umefurahia? vyoo ni visafi? umewaona wanyama vizuri? Dada akaweka alama ya hapana kwenye hilo la mwisho, pale chini akaandika kwa herufi kubwa PUNGUZENI MIANZI KWA CHUI. Mi nikaandika msiikate mianzi, na simba wapeni kivuli na gogo la kukwaruza. Mtoto akaomba karatasi yake, akachora dubu na ile njia, halafu akatoboa mlango mkubwa kwenye ukuta kwa kalamu hadi karatasi ikachanika. Dada akataka aandike upya kwenye karatasi safi, mtoto akagoma, tukabishana hapo hadi walinzi wakaanza kufunga geti.