Jinsi Nilivyopata Klabu ya Gofu Nairobi

Gofu nilijifunzia Mombasa, katika ule uwanja wa mashimo 9 ulio ukingoni mwa bahari kando ya barabara ya Mama Ngina, ambako meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi kwamba mgeni husahau zamu yake ya kupiga akabaki kuzitazama. Baadaye nikahamia Nyali kwenye mashimo 18 kamili, na huko ndiko nilikopata hendikapu yangu ya kwanza, yaani kile kipimo cha uwezo wa mchezaji kinachoamua apewe mikwaju mingapi ya ziada. Kwa hiyo nilipohamishwa kikazi kwenda Nairobi mwanzoni mwa mwaka 2021 sikujiona mgeni katika mchezo huu. Nilidhani kazi iliyobaki ni kulinganisha viwanja, kuchagua ulio bora, kujaza fomu na kulipa kiingilio. Ilinichukua karibu mwaka mmoja na nusu kupata klabu, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kuuliza maswali yasiyo na faida.

Mombasa mtu hana cha kuchagua sana. Nairobi na viunga vyake ina klabu za Muthaiga, Karen, Royal, Railway, Vet Lab kule Kabete, Sigona upande wa Kikuyu, na ukipanda kidogo unafika Limuru, ambako ukungu wa Julai huweza kuificha bendera ya shimo usijue unalenga wapi. Mimi ni mhasibu, nikafanya wafanyavyo wahasibu: nikafungua jedwali kwenye kompyuta na kuanza kuzipanga klabu kwa sifa. Muthaiga niliiweka juu kwa sababu ndiko Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka 1967, yamechezwa mara nyingi zaidi, na jina la Seve Ballesteros, yule Mhispania mashuhuri aliyeyashinda mwaka 1978, lilinitia hamu kama mtoto. Royal niliiheshimu kwa umri, kwa kuwa ilianzishwa mwaka 1906 na kupewa hadhi ya kifalme mwaka 1935. Karen, ya mwaka 1937, ilinivutia kwa miti yake na kwa historia ya ardhi yenyewe, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya shamba la kahawa la mwandishi wa Denmark, Karen Blixen.

Jedwali lile lilikuwa na safu 9 na halikunisaidia chochote. Umri wa klabu na majina ya mabingwa waliopita haviwezi kukwambia utacheza lini, utacheza na nani, wala kama kuna mtu humo ndani atakayejua jina lako. Isitoshe, nilikuwa sijamaliza hata kulijaza serikali iliposimamisha michezo mwishoni mwa Machi kwa sababu ya korona. Viwanja vikafungwa mpaka Mei, nami nikakaa nyumbani Kileleshwa nikipiga mipira ya plastiki kwenye zulia huku jirani wa chini akigonga dari kwa ufagio.

Viwanja vilipofunguliwa niliamua kuacha kusoma na kwenda kucheza. Klabu nyingi za binafsi humpokea mgeni kwa njia mbili: ama aalikwe na mwanachama, ama aje siku za kazi na kulipa ada ya uwanja. Zipo pia siku za mashindano ya hisani na ya makampuni, ambazo humpa mtu asiye na mwenyeji nafasi ya kuingia, na hizo ndizo nilizozitumia zaidi. Ndani ya miezi 5 nilikuwa nimecheza viwanja 6. Hendikapu yangu nilisafiri nayo bila shida, kwa sababu tangu mwaka 2020 dunia nzima inatumia mfumo mmoja: kipimo changu cha 24.3 kilihesabiwa upya kila uwanja kulingana na ugumu wake, nikapewa mikwaju zaidi kwenye viwanja vigumu na michache kwenye vyepesi. Kwa anayeanza sifuri, mfumo huo unataka kadi za mashimo 54 tu, yaani raundi 3 kamili, na hapo mtu anapata hendikapu yake ya kwanza. Hili naliweka wazi kwa sababu nimekutana na watu wengi wanaodhani kwamba hendikapu ni cheo cha mabingwa.

Katika moja ya raundi hizo nilipewa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, ambaye nitamwita Mzee, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita tangu siku ile. Nilimwamkia shikamoo kama tulivyolelewa Pwani, akasita kidogo, akacheka, akaitikia, "Marahaba, mama wa Mombasa." Kwenye shimo la 3, lililobakiza mita 105, nilichomoa fimbo namba 7 bila kufikiri, kwa sababu kwa miaka yote kule Nyali namba 7 yangu hufika mita 105. Mzee hakuniachia mfuko.

"Hapa tuko juu, mama. Hewa ni nyepesi. Chukua namba 8."

Namba 8 hupeleka mpira karibu kuliko namba 7, lakini nilimkatalia. Mpira ulipaa juu ya griini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, ukatua nyuma yake kwenye nyasi ndefu, na hapo nikapata somo la pili. Nyasi za viwanja vya Nairobi kwa sehemu kubwa ni nyasi za kikuyu, nene na zenye mashina yanayosukana kama mkeka, zinazoikamata fimbo na kuigeuza mkononi. Nyasi hizi asili yake ni nyanda zetu za juu, lakini zimekwenda mbali. Hata Riviera, klabu mashuhuri ya Los Angeles, uwanja wake umeota nyasi za kikuyu na wachezaji wa kulipwa huzilalamikia kila mwaka. Ilinichukua mikwaju 3 kutoka pale. Mzee alifuta fimbo yangu kwa kitambaa, taratibu, kisha akauchungulia mfuko akasema kwamba ile fimbo ndefu ya kuanzia ndiyo inayonipotezea mipira, na kwamba kama angekuwa mimi angeiacha nyumbani. Sikumsikiliza kwa hilo pia.

Swali lililobadilisha msako wangu sikulibuni mimi, nilipewa na mwanamke niliyecheza naye siku ya mashindano ya hisani. Aliniuliza, "Wewe unafanya kazi Jumanne?" Nikamwambia nafanya. "Basi waulize kuhusu Jumamosi." Klabu nyingi za Kenya zina siku ya kina mama katikati ya juma, kwa kawaida Jumanne, na utaratibu huo ulipangwa zama ambazo mke wa mwanachama hakuwa na ofisi ya kwenda. Mwanamke mwenye ajira hana Jumanne. Anachohitaji ni Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi ndiyo saa inayogombewa kuliko zote. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wanachama wanawake dhidi ya Limuru Country Club, kwamba klabu ya binafsi nayo inabanwa na kifungu cha 27 cha Katiba kinachokataza ubaguzi. Uamuzi huo ni mkubwa na naushukuru, lakini mahakama haipangi ratiba ya Jumamosi. Kwa hiyo kila nilipofika mahali niliacha kuuliza kuhusu historia na mabwawa ya kuogelea, nikauliza jambo moja: mwanachama mpya, mwanamke, Jumamosi ataanza kucheza saa ngapi? Karani mmoja alinijibu saa 1 asubuhi bila kufikiri. Mwingine aliniambia saa 6 mchana, akaongeza kwamba jua la mchana ni zuri kwa afya. Jedwali langu lilipungua kutoka klabu 8 hadi 3 kwa swali hilo pekee.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Kiingilio katika klabu kubwa za Nairobi ni mamia ya maelfu ya shilingi, na watu wengi huishia kulitazama hilo. Kiingilio hulipwa mara moja tu. Kinachomchosha mtu ni kinachofuata: ada ya mwaka, ada ya mashindano, malipo ya kedi kila raundi, kabati la kuwekea fimbo, na katika baadhi ya klabu kiwango ambacho ni lazima ukitumie kwenye mgahawa na baa hata kama hunywi kitu kikali kuliko chai ya tangawizi. Niliomba kila klabu inionyeshe ankara ya mwezi ya mwanachama wa kawaida, jina likiwa limefichwa. Mbili zilinionyesha. Ya tatu ilishangaa kwamba kuna mtu anayeuliza, na nikajua la kufanya.

Hapo ndipo nilipofika kwenye fomu, na fomu ndiyo iliyonifundisha gharama hasa za klabu ya binafsi. Inataka saini za watu wawili, mpendekezaji na anayemuunga mkono, wote wawe wanachama wa miaka kadhaa, na wote waeleze wanakufahamu vipi na tangu lini. Mimi Nairobi nilikuwa na miezi 7. Mkubwa wangu kazini alijitolea kunipendekeza na akamtafuta rafiki yake aniunge mkono, mtu ambaye nilikuwa nimemsalimia mara moja kwenye maegesho ya magari. Tukajaza, nikawasilisha, nikangoja. Mwezi wa kwanza nilipiga simu nikaambiwa kamati haijakaa. Mwezi wa pili, vivyo hivyo. Mwezi wa nne nilikwenda mwenyewe, na kama vile mambo hayajaharibika vya kutosha, nilikwenda nimevaa makubadhi ya Lamu, ya ngozi, mapya kabisa, nikazuiwa mlangoni kwa kuwa kanuni inakataza viatu vya wazi. Nilisimama nje nikisubiri karani anitokee. Alipotoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba fomu yangu haikuwahi kupelekwa kwenye kamati, kwa sababu aliyeniunga mkono alikuwa anadaiwa ada ya mwaka mzima, na mwanachama mwenye deni saini yake haihesabiki. Hakuna aliyekuwa ameona haja ya kunijulisha. Klabu yenyewe siitaji. Deni halikuwa langu, wala aibu ya kuuliza habari za deni la mtu mzima haikustahili kuwa yangu, lakini miezi 4 ilikuwa imekwenda.

Nilirudi nyumbani nikafikiri upya. Kanuni ile ya saini mbili nilikuwa nimeichukulia kama muhuri wa ofisini, kumbe klabu haina njia nyingine ya kumjua mtu. Mchezaji gofu hujihesabia mikwaju mwenyewe. Hakuna refa anayemfuata vichakani. Anayekutilia saini anasema kwamba amekuona mpira wako ukiwa mahali pabaya, hakuna mwingine anayetazama, na hukuusogeza. Mkubwa wangu hakuwa amecheza nami hata shimo moja.

Kwa hiyo nilianza tena, safari hii nikitafuta watu kabla ya klabu. Yule mwanamke wa swali la Jumamosi alikuwa mwanachama wa moja ya zile klabu 3, klabu ile ile ya Mzee, nikamwomba tu tucheze. Tulicheza mara moja kwa mwezi, yeye akinikaribisha kama mgeni wake nami nikilipia ada ya uwanja na chai. Raundi ya pili alimleta rafiki yake, daktari mstaafu asiyependa maneno. Raundi ya nne, kwenye shimo la 14, mpira wangu ulitikisika nilipoondoa jani kavu kando yake, na nilijiongezea mkwaju mmoja kama kanuni inavyotaka nje ya griini. Daktari aliandika kwenye kadi bila kunitazama. Tulipofika kwenye meza ya chai alisema, "Fomu yako iko wapi?" Nilikuwa nayo kwenye gari tangu raundi ya kwanza, lakini nilimwambia nitaileta juma lijalo, ili nisionekane niliyekuwa nikiivizia saini.

Safari hii niliuliza kuhusu madeni, kwa upole, kupitia kwa karani. Nilileta pia barua kutoka klabu yangu ya Mombasa inayothibitisha hendikapu yangu na kwamba sidaiwi, jambo ambalo hakuna fomu iliyolitaja lakini kamati ilifurahi kuliona. Jina langu na picha vilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, ili mwenye pingamizi alitoe. Kuona uso wako umebandikwa pale kwa majuma kadhaa huku watu wasiokujua wakiusoma ni jambo la kutisha kidogo. Nilijikuta nikitabasamu kwa kila mtu mpaka mashavu yakauma. Kisha nikaitwa kwenye mahojiano. Walikuwa watu 5, na nilijiandaa kueleza kazi yangu na mshahara wangu. Waliniuliza mpira uliopotea unatafutwa kwa dakika ngapi, nikajibu 3, si 5 kama zamani. Waliniuliza ningefanya nini kundi la nyuma likinifikia. Nahodha wa kina mama aliniuliza ni kwa nini naitaka klabu hii na si nyingine zenye sifa zaidi, nikamwambia ukweli, kwamba hapa nimepata watu wa kucheza nao Jumamosi. Aliandika kitu, sikujua ni kizuri au kibaya, na barua ya kukubaliwa ilifika baada ya juma la tatu.

Jumamosi yangu ya kwanza nilipangiwa saa 1:12 asubuhi. Mzee alikuwa ameketi kwenye banda la makedi na wenzake, kikombe cha uji mkononi, nami nikamwamkia shikamoo mbele yao wote, wakamcheka. Akaitikia marahaba, akasimama, akaufungua mfuko wangu na kuzihesabu fimbo kwa kidole. Zilikuwa 11 nilipotoka Mombasa. Sasa zilikuwa 10.

"Ile ndefu?"

"Nimeiacha nyumbani, Mzee."

Akautupia mfuko begani na kutangulia kwenda shimo la kwanza.